Nyota ya Jumamosi na Mbasela ya Mgeni

Jumatatu, 7 Mei 1956. Nchelenge

Nimeficha jambo moja miaka mitano. Leo naliandika. Mimi, Mwalimu Kapembwa, mpimaji wa nyota pekee kwenye ufuo huu wa ziwa Mweru, sioni nyota. Hata moja. Mchana naona ukurasa nikiusogeza hadi puani. Jua likizama, basi. Mbingu ni blanketi.

Vipimo vyote nilivyotuma kusini, kwenye kituo cha nyota, tangu 1951, ni vya macho ya Dorica, mdogo wa marehemu mke wangu Febby. Muuza samaki! Yeye anatazama, mimi naandika na kutia sahihi. Sahihi nzuri, lakini.

Naandika kwa Kiswahili nilichosomea ng'ambo, Katanga, kwa sababu nyumba hii nzima inasoma Kibemba. Dorica anakisema Kiswahili, kile cha biashara, cha kubishana na watu wa Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa. Kusoma hajui. Siri iko salama.

Kwa nini sasa? Dresa wa zahanati alinisikiliza kifua. Alisikiliza muda mrefu mno. Kisha akaniambia kwa upole nisipande tena mlima. Nchelenge haina mlima. Nikaelewa.

Jumatano, 9 Mei

Balaa! Lori ya posta kutoka Fort Rosebery imeleta barua. Daktari Hollis wa kituo cha nyota, tuliyeandikiana miaka kumi na minane bila kuonana, anakuja. Anataka tutazame pamoja Jumamosi tarehe 26. Baada ya hapo atachapisha kitabu chake juu ya nyota yetu, na jina langu litakuwemo. Kwa herufi za chapa! Nimeisoma mara nne kwa furaha. Mara ya tano nikaificha chini ya godoro.

Nieleze, ili atakayeokota daftari hili asidhani ni uchawi. Katika kundi la Mizani kuna nyota inayoonekana moja, kumbe ni mbili zinazozungukana. Moja ikipita mbele ya mwenzake, mwanga unapungua kwa saa kadhaa, kisha unarudi. Mtu akiulinganisha mwanga huo, hatua kwa hatua, na nyota jirani zisizobadilika, anapata umbo la kule kupungua. Umbo hilo linasema nyota zile zina upana gani. Daktari, kwa mitambo yake, anapima mwendo wao, na mwendo unasema uzito. Kupima uzito wa kitu ambacho hakuna mkono utakaokigusa! Sijapata kusikia kazi nzuri kuliko hiyo.

Zikizungukana mara tatu, wiki imekwisha, pungufu ya nusu saa hivi. Kwa hiyo msimu huu nyota yetu inafifia kila Jumamosi jioni, kila wiki mapema kidogo. Tarehe 26 itafikia chini kabisa saa moja na dakika ishirini usiku. Daktari atakuwa kando yangu. Ataniuliza: Mwalimu, sasa hatua ngapi? Nami nitakuwa natazama blanketi.

Sina watoto waliobaki. Kitabu kile ndicho pekee kitakachosema niliwahi kupita hapa. Sitakubali kufa mwongo mbele ya Daktari. Nitakufa mwongo baada ya yeye kuondoka.

Jumapili, 13 Mei

Nina mpango. Mpango mzuri sana.

Kawaida Dorica ananipa hatua kwa kubonyeza vidole kwenye kiganja changu, jinsi wanawake wa samaki wanavyokubaliana bei chini ya kitenge, jirani asione. Mbele ya mgeni haiwezekani. Atauliza kwa nini namshika mkono shemeji yangu gizani.

Basi Dorica atakaa nyuma ya uzio wa matete na darubini yangu ndogo, ile niliyoachiwa na bwana mpima ardhi niliyekuwa karani wake Elisabethville. Atakuwa anapara samaki. Mkwaruzo mmoja wa kisu, hatua moja. Mikwaruzo mitano, hatua tano. Nani atashangaa kusikia samaki akiparwa Nchelenge? Daktari nitamwambia darubini yangu imeota ukungu, aniazime yake.

Nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, mulamu (ndivyo anavyomwita shemeji), wewe muzee sasa, unataka kudanganya muzungu na samaki? Nikamwambia huu si udanganyifu, ni mpangilio. Akauliza kama katika huo mpangilio jina lake liko. Nikasema tutaona. Akasema hiyo "tutaona" anaijua, ndiyo ya wanunuzi wanaogusa kila samaki na kuondoka.

Lakini jana usiku tulijaribu, na loo! Mikwaruzo ilikuja safi kama saa ya ukutani. Nilikaa na kalamu na kuandika gizani. Saba. Nane. Kumi. Kumi. Tisa. Leo asubuhi nimechora, na mstari umeshuka na kupanda bila kasoro. Yule mwanamke hajawahi kutumia mizani maishani. Anaweka samaki wawili wa makobo mbele yako na kukuambia huyu anamzidi yule kwa kiasi cha kichwa cha dagaa. Nyota pia ni hivyo hivyo kwake.

Halafu sokoni hakuna anayemshinda. Fungu lake halitoki bila mbasela, yule samaki wa nyongeza anayewekwa juu baada ya kuhesabu. Mimi sipewi. Ndugu hapewi mbasela, anasema.

Jumanne, 22 Mei

Sampa! Siku zote Sampa!

Huyu alikuwa kapaso, tarishi wa boma, sasa ni mkuu wa kwaya na mwenye taa ya karabai mpya. Mwanga wake unafika karibu na kijiji cha Puta. Amesikia mgeni anakuja. Anataka kwaya ije uani kwangu Jumamosi jioni kumkaribisha, na karabai mbili.

Nilifikiri haraka. Nilimwambia Daktari ana ugonjwa wa macho. Mwanga ukimgusa usiku, anaweza kupofuka. Sampa alisikitika kwa dhati. Alinishika bega. Akasema, maskini, ba Kapembwa, mtu wa nyota kuogopa mwanga! Akaondoka kichwa chini.

Nimeshinda. Kirahisi namna hii! Nilikula ugali wote.

Jioni nikaona nimuonyeshe kabisa nani anayejua mbingu hapa. Katika jedwali la mwaka kuna kupatwa kwa mwezi wiki hii. Nilituma habari kanisani: kesho, Jumatano, mwezi utapanda umeliwa.

Ijumaa, 25 Mei

Haikuwa Jumatano. Ilikuwa Alhamisi. Katika jedwali nilisoma 23, kumbe ni 24. Macho haya!

Jumatano watu walijaa ufukoni na watoto mgongoni. Mwezi ukapanda mzima, mnene, kama sahani ya ugali. Walicheka hadi maji yakarudisha sauti. Sampa aliwaambia wanisamehe, ni uzee.

Jana nilijifungia ndani kwa aibu. Na jana ndiyo mwezi ulipanda umeliwa, kimebaki kijipande! Sampa akapiga kengele, akaomba kwa sauti, na mwezi ukarudi. Sasa wanasema Sampa aliurudisha mwezi. Mtu asiyejua hata kwa nini unapatwa!

Daktari amefika leo saa tisa. Mrefu, mafua, kofia kubwa. Ana hadubini ndefu ya miguu mitatu... nimeandika hadubini. Darubini! Tunazungumza Kiingereza. Aliniambia amesubiri miaka mingi kuyaona macho yangu. Nikayafumba kidogo.

Jumapili, 27 Mei

Niandike kabla moyo haujasimama.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa uani. Giza linaingia. Daktari kwenye darubini yake ya miguu, mimi na ile ya mkono aliyoniazima, nimeielekeza juu kwa heshima zote. Nyuma ya uzio, Dorica na beseni la samaki. Tulikubaliana: Daktari anaandika hatua zake, mimi zangu, hatuonyeshani hadi mwisho.

Krr, krr, krr. Nikahesabu nane. Nikaandika. Daktari akaguna, naye akaandika. Raha!

Ndipo wakaja. Kwaya nzima. Bila taa! Sampa amewapitisha gizani, wameshikana mikono kama vipofu, kwa kumhurumia mgonjwa wa macho. Wakajipanga kando ya uzio, wakaanza kuimba. Sauti nne.

Sikusikia mkwaruzo hata mmoja. Nilikohoa. Nilikohoa tena kwa nguvu, na Daktari akanipa leso. Dorica akaelewa, Mungu ambariki, akaacha kupara na kupiga beseni kwa mgongo wa kisu. Ngo, ngo, ngo. Kwaya ikafurahi, ikadhani ni ngoma, ikaufuata mdundo! Dorica akipiga kumi, wao wanaongeza mwendo. Akinyamaza kutazama juu, nao wananyamaza na kungoja. Daktari alisema hajawahi kusikia muziki wa namna hii. Nikamwambia ni wa kale.

Walimaliza ubeti wa sita, Sampa akamshika Daktari mkono, akamwambia kwa huruma apone. Daktari akashukuru, akifikiri ni mafua. Wakaondoka. Nilikuwa nimelowa jasho, lakini karatasi yangu ilikuwa na namba zote.

Saa mbili na nusu, mwezi ukiwa umeshapanda, tukawasha taa ndogo na kulinganisha kwa sauti, kwa namba za Kiingereza ambazo hata Dorica anazijua kwa biashara.

Daktari: saba. Mimi: nane. Daktari: nane. Mimi: tisa. Daktari: kumi, kumi, tisa. Mimi: kumi na moja, kumi na moja, kumi. Kila mstari nimemzidi kwa moja. Moja kamili, tangu mwanzo hadi mwisho.

Akakuna kichwa. Akasema ni ajabu, miaka mitano hatujatofautiana, na leo nimekosea kila mara kwa kiasi kile kile. Nikasema hewa ya ziwani. Akasema hewa ni ile ile, tumekaa kiti kwa kiti. Nikasema labda ni darubini yake. Akachukia kidogo. Nikasema basi labda ni macho ya kizungu, hayazoei giza letu. Akachukia zaidi. Akasema, kwa masikitiko, kwamba kama mpimaji hana uhakika wa hatua moja, ataviacha vyote nje ya kitabu. Vya miaka yote mitano.

Nilikuwa bado natafuta sababu nyingine.

Uzio ndio uliosema. Kwa sauti ya sokoni, kwa Kiswahili.

"We mulamu! Mwambie ile moja ni mbasela ya mugeni! Mutu anatoka mbali vile, utamupimia sawa na mutu wa hapa? Mi niliongeza moja kila fungu. Atoe moja, hesabu itakuwa sawa!"

Nilianza kumtafsiria Daktari kwa Kiingereza. Nilisema mama huyu anauliza kama mgeni atakula samaki.

Daktari alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha Elisabethville, kizuri kuliko changu: alikaa kule miaka sita akipima milima. Akamwambia, mama, toka uko, kuja tuonane. Na kisu chako, lete.

Dorica akatoka, magamba hadi kwenye nywele, darubini yangu "yenye ukungu" shingoni.

Niliokoa hali. Nilitangaza upesi kwamba huyu ni mwanafunzi wangu na nilikuwa namfanyia mtihani. Walikuwa wameshakaa wote wawili, mimi nimepewa taa nishike. Taa iliyozimwa.

Walitazama hadi saa nne nyota ikirudisha mwanga wake. Wakasema namba kwa pamoja, safari hii bila mbasela. Zilikuwa sawa. Zilipotofautiana, Daktari alitazama upya na kufuta yake.

Jumatatu, 28 Mei

Daktari ameondoka. Kabla ya kuondoka alimweleza Dorica alichopata. Ile nyota hafifu, alisema, inaonekana ni pana kama mwenzake au zaidi, lakini nyepesi sana. Hilo linamsumbua. Imekuwaje pana hivyo na haina uzito?

Dorica hakufikiri hata kidogo. Akasema, huyo alikuwa mukubwa zamani. Mwenzake alimukula polepole. Sasa mwenzake ndo anawaka, na yeye amebaki ngozi tu. Akasema anaona watu wa namna hiyo kila siku. Akanitazama mimi. Nadhani alinitazama, uso wake ulikuwa umeelekea huku.

Daktari aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Yangu hakuwahi kuyaandika.

Halafu tukabaki wawili. Aliongea chini chini. Vipimo tangu 1951 ni miongoni mwa bora alivyonavyo. Vya kabla, 1938 hadi 1950, amevitoa vyote. Kwa nini? Kwa sababu ni vizuri mno, alisema. Havikosei kamwe. Nyota yenyewe hukosea jedwali kwa dakika kadhaa, ila si nyota ya Mwalimu Kapembwa. Hakuniuliza kitu. Alifunga tu mkoba wake.

Aliniachia bahasha yenye stempu. Niandike mwenyewe jina linalostahili kuwa kitabuni kwa ile miaka mitano, nitume na lori ya Ijumaa. Atachapa nitakaloandika, bila swali.

Bila swali! Huu ni ukatili. Mtu angeniuliza swali ningejua pa kujificha.

Ijumaa, 1 Juni

Sikulala siku tatu. Kifua kinapiga beseni.

Barua ya kwanza: "Dorica." Nilikaa nayo saa nzima. Ni fupi mno. Haina hata cheo.

Barua ya pili: "Dorica na Kapembwa." Nikafikiria kitabu kwenye rafu, jina lake mbele, langu limejibanza nyuma kama mtu anayekwepa kodi. Nikachana.

Barua ya tatu: "Kapembwa na Dorica." Ni mfuatano wa umri tu. Heshima ya kawaida. Sampa mwenyewe angekubali.

Barua ya nne ndiyo niliyotia kwenye bahasha: "Mwalimu Kapembwa, akisaidiwa na macho ya familia." Macho ya familia! Yeye yumo humo kabisa. Ni yeye tu asiyeelezwa kwa jina.

Nilimpa Dorica mwenyewe apeleke kwa dereva, kwa kuwa hajui kusoma na miguu yangu imevimba. Aliishika muda kidogo. Akauliza nani yuko mbele. Nikasema, wewe, mulamu, nani mwingine. Akacheka kidogo. Akasema nikae, nisitembee ovyo, dresa alikataza milima. Ajabu! Nilimwambia nani habari ya mlima? Dresa yule hana siri.

Na leo nikigusa kurasa hizi, kidole kimekuta gamba la samaki limeganda kwenye ukurasa wa tarehe 13. Upepo wa ziwani unabeba kila kitu.

Lori imeshapiga honi na kuondoka. Barua imekwenda. Moyo umetulia kidogo, na nimeshapata mpango mwingine. Kesho ni Jumamosi, nyota inafika chini saa moja jioni. Nitamwomba Dorica anieleze inavyofifia, rangi yake, inavyokaa kati ya wenzake, polepole, kama ninajaribu kumbukumbu yake. Nitayaandika yote: "Nilivyoiona mimi, 1938." Daktari akiyasoma atavirudisha vile vya zamani.

Kwa sababu nahitaji kuelezwa. Hili sikumwambia Febby, wala mchungaji, na Dorica hatalijua kamwe. Miaka ile macho yangu yalikuwa mazima kabisa. Vipimo vyote nilivitoa kwenye jedwali, mchana, mezani, na chai kando. Juu kulikuwa na nyota nyingi mno, na ramani ilikuwa ndogo. Mwaka 1951 kituo kilipotaka hatua za mwanga badala ya saa ya kufifia tu, nilimpa Dorica ramani ile, nikamwambia macho yangu yamekufa, na hilo lilikuwa kweli, atafute. Alikaa uani Jumamosi tatu. Ya tatu alinyanyua mkono wangu, akaelekeza juu kidole changu mwenyewe, akauliza: "Ni hii?"

Nikasema ndiyo, ni hiyo, vizuri sana.

Sikuwahi kujua ni ipi.